Mtandao Unaishi kwa Kujibizana

Watu wengi wakisikia neno mtandao wanafikiria nyaya, minara na satelaiti. Mimi ambaye kazi yangu ni kufunga swichi na ruta kwenye ofisi na shule za Dar es Salaam, naona jambo jingine. Nyaya hukatwa na makoleo, umeme huzimika, vifaa huchemka na kufa. Kama mtandao ungetegemea uimara wa vitu hivyo, usingedumu. Kinachoushikilia ni taratibu za mazungumzo ambazo kompyuta zote zimekubaliana kuzifuata: namna ya kuanza kuongea, namna ya kujibu, namna ya kusubiri na namna ya kupisha wengine. Kadiri ninavyozidi kuzijua taratibu hizo, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zina mengi ya kutufunza sisi tunaoishi na watu.

Tuanze na msingi wenyewe. Simu za mezani za zamani zilitenga njia nzima kwa ajili ya watu wawili. Mtu wa Dar es Salaam akiongea na wa Mwanza, njia ile ilikuwa yao mpaka waweke mikono ya simu chini, hata wakinyamaza. Ikikatika popote, mazungumzo yamekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Baran wa taasisi ya RAND nchini Marekani alitafuta namna mawasiliano yanavyoweza kuendelea hata vita vya nyuklia vikiteketeza baadhi ya vituo. Huko Uingereza, Donald Davies alifikia wazo hilohilo bila kujua kazi ya mwenzake: ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani ya kinakokwenda, kisha vipande vyote viachwe vijipitie popote penye nafasi. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Kwenye mitandao mingi ya leo, pakiti moja haizidi baiti 1,500, kwa hiyo picha ya megabaiti 3 unayomtumia dada yako inasafiri ikiwa pakiti zaidi ya 2,000, na si lazima zote zipite njia moja.

Njiani, pakiti hupokelewa na ruta moja baada ya nyingine. Kila ruta husoma anwani, hutazama jedwali lake, na kuipeleka pakiti hatua moja mbele. Nikiwafundisha vijana wanaojifunza ufundi huu, hapa ndipo huwa nakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu jambo lenyewe linashangaza: hakuna ruta inayoijua safari nzima. Iliyopo Ilala haijui pakiti itapita wapi ikishavuka bahari. Inajua tu jirani gani yuko karibu zaidi na lengo, na inamkabidhi kwa uaminifu. Kwa njia hiyo ujumbe unazunguka dunia. Wengi wetu hukataa kuanza jambo mpaka tuone mwisho wake. Tunataka ramani kamili ya ndoa, ya biashara, ya malezi ya watoto. Mtandao umekubali kwamba kujua hatua inayofuata, na kuitimiza vizuri, kunatosha.

Lakini pakiti hupotea. Ruta ikizidiwa, huzitupa zile isizoweza kuzihifadhi. Kebo ikikatika, zilizokuwa njiani zimepotelea humo. Wahandisi wa mwanzo wangeweza kutumia miaka yao yote kutafuta njia isiyopoteza kitu. Louis Pouzin wa Ufaransa, katika mtandao wake wa CYCLADES, alichagua kinyume chake: njia isiahidi chochote, na jukumu la kuhakikisha ujumbe umefika libaki kwa kompyuta mbili zilizoko mwanzo na mwisho wa safari. Vint Cerf na Bob Kahn walilichukua wazo hilo katika itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ya kompyuta, waliyoichapisha mwaka 1974 na ambayo baadaye ikawa TCP/IP. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, ukahamia rasmi kwenye TCP/IP, na hadi leo sehemu kubwa ya intaneti inatembea juu ya msingi huo.

Utaratibu wake anauelewa kila mtu aliyewahi kutuma mzigo kwa basi kwenda mkoani. Humfuati dereva njia nzima. Unampigia ndugu yako kumwambia mzigo unakuja, naye anakujibu kwamba yupo na atakwenda stendi. Mzigo ukifika, anakupigia kusema ameupata. Kompyuta nazo, kabla ya kutumiana chochote kwa TCP, husalimiana mara tatu: ya kwanza huomba kuongea, ya pili hukubali na kuomba vilevile, ya kwanza huthibitisha. Kisha kila kipande huwa na namba yake. Mpokeaji hupanga vipande kwa namba hata kama vimefika shaghalabaghala, na hurudisha jibu: nimepokea mpaka hapa, naomba kinachofuata. Mtumaji asipopata jibu kwa muda fulani, hatangazi kwamba amesalitiwa. Hutuma tena.

Somo kubwa kuliko yote ninaloliona katika fani hii liko hapo. Uaminifu haukuja kwa kupata njia isiyokatika. Ulijengwa na pande mbili zinazojibizana juu ya njia inayokatika kila siku. Maisha yetu nayo hayana njia ya uhakika. Kuna safari, magonjwa, madeni, hasira, na maneno yanayofika yakiwa yamepoteza nusu ya maana. Ndoa au urafiki unaongoja mazingira yatulie kwanza utangoja mpaka kaburini. Unaodumu ni ule ambao mmoja anauliza, na mwenzake anajibu.

Mama yangu yuko kijijini. Nikimtumia pesa kwa simu, kampuni inaniletea ujumbe wa uthibitisho papo hapo, wenye kiasi, tarehe na saa. Hata hivyo mama hupiga: "Mwanangu, nimeipata, Mungu akuzidishie." Kwa kompyuta, simu hiyo haina kazi tena. Kwangu mimi ndiyo uthibitisho wenyewe, maana inaniambia kwamba kilichofika si pesa tu. Nimewaona watu wakivunja undugu si kwa ugomvi, ila kwa kunyamaza. Ujumbe umesomwa, tiki zote zimeonekana, jibu halikuja, na upande wa pili ukaanza kujaza ukimya ule kwa dhana mbaya. Neno "nimeona, nitakujibu kesho" lingetosha kuokoa mengi.

Hata hivyo si kila kilichopotea kinastahili kurudiwa. Sauti na video za moja kwa moja mara nyingi hutumia itifaki nyingine, UDP, isiyosubiri uthibitisho. Neno lililokatika sekunde tatu zilizopita likirudishwa sasa litavuruga yanayosemwa, kwa hiyo linaachwa lipite na mazungumzo yanaendelea. Kuna maneno ya jana ambayo busara yake ni hiyohiyo. Aliyejua kutofautisha mkataba unaohitaji kila herufi ifike na utani uliopotea hewani amejiondolea magomvi mengi.

Na kurudia nako kuna adabu yake. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali pawili pasipofika umbali wa mita 400, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Tatizo halikuwa kebo. Njia ilipojaa, pakiti zilipotea. Zilipopotea, kila kompyuta ilizituma tena haraka, na marudio yale yakazidi kuijaza njia. Van Jacobson na Michael Karels walilichunguza jambo hilo, na dawa yao ilikuwa tabia mpya: kompyuta ianze polepole, iongeze kadiri inavyojibiwa, na ikiona pakiti zinapotea ipunguze mwendo mara moja. Hakuna askari wa trafiki anayeilazimisha. Kila moja inapunguza kwa hiari yake, na kwa sababu hiyo zote zinapita. Tukikosa kusikilizwa, sisi huongeza sauti, na wa upande wa pili naye huongeza yake, mpaka nyumba nzima hakuna anayesikia. Asiyejibiwa apunguze kwanza. Huenda njia imejaa upande wa pili, na wewe huoni.

Somo jingine ni la akiba. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopotelewa na sehemu kubwa ya intaneti yake. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika. Kwa wengi, kuwa na mikongo miwili kulionekana kuwa akiba ya kutosha, lakini njia mbili zinazopita mahali pamoja zinaweza kufa kwa ajali moja. Tangu siku ile nawasisitizia wateja wangu swali ambalo ni muhimu kuliko idadi: akiba yako inapita wapi? Mwenye marafiki kumi wote wa ofisi moja, siku akiachishwa kazi atajikuta hana hata mmoja. Mwenye biashara tatu zinazomtegemea mteja yuleyule ana biashara moja.

Jambo la mwisho linahusu ujirani. Kabla ya vituo vya kubadilishana mawasiliano kuanzishwa, barua pepe ya mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi hiyohiyo ingeweza kupanda kwenye satelaiti, iliyoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikarudi. Kampuni zililipa gharama ya safari hiyo kwa dola, wakati ofisi zao zilikuwa mji mmoja. Kituo cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya malalamiko, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata cha kwake mwaka 2004. Teknolojia yake ni ya kawaida kabisa, swichi na nyaya fupi. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi washindani wakae chumba kimoja na kukubali kupitishiana mizigo. Ni mara ngapi tunamjua jirani kwa habari zilizozunguka mtaa mzima, wakati mlango wake uko hatua ishirini kutoka kwetu?

Ndugu msomaji, intaneti imefika hapa ilipo bila kuwa na njia isiyokatika. Imefika kwa sababu iliona tangu mwanzo kwamba kila njia itakatika, ikaweka utaratibu wa kuulizana, kujibu, kupunguza mwendo na kupitia kwingine. Utaratibu huo uko ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu. Kuna mtu aliyekutumia neno nawe hujalijibu. Mjibu leo.