Msitu Nao Husikilizwa

Baba yangu amepoteza nuru ya macho, na picha hazimfai tena. Kwa hiyo, kila nipatapo likizo, hupanda kutoka Muheza hadi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki alikokulia, nikamrekodia sauti za msitu kwa simu.

Kazi hii yataka subira. Baada ya Swala ya Alfajiri huketi mbali na barabara, nikaiweka simu juu ya jiwe na kutulia nusu saa nzima. Kwanza husikika vyura, kisha ndege wadogo. Jua likichomoza, hondohondo hupita, na mvumo wa mbawa zao husikika kabla wao hawajaonekana.

Mwaka 1988, Mmarekani Bernie Krause alirekodi sauti za Lincoln Meadow, huko California, kabla wakataji mbao hawajachagua na kuangusha baadhi ya miti. Aliporudi mwaka uliofuata, machoni msitu ulikuwa uleule. Masikioni, ndege wengi walikuwa wametoweka.

Nilimkumbuka mtu huyo Baba aliposikiliza safari yangu ya mwisho, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, mbona upande wa mtoni pamekuwa kimya?" Mimi niliyetoka huko nilikuwa nimeona kijani tu.

Suratun-Nur yatufunza kuwa ndege nao wana tasbihi yao. Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mzee aliyekulia karibu na msitu, mpelekee sauti zake. Yeye ndiye awezaye kukwambia ni nani hayupo.