Tuliwaombea mbuzi, kisha tukawatenga



Kuna swali limenifuata kanisani, dukani na hata kwenye simu: "Pasta, kama mliwaombea wale mbuzi wa mama na kuwapaka mafuta, mbona mkawafungia mbali kama wafungwa? Imani iko wapi hapo?" Nataka nilijibu hapa mara moja, kwa sababu wengi wetu Bangale bado tunanunua mifugo ya kuanzia upya.

Mnajua tulikotoka. Mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Mama mmoja mjane katika ushirika wetu alibaki na mbuzi kumi na mmoja peke yake. Hao ndio karo, ndio dawa ya presha, ndio maziwa ya wajukuu. Kijana wake aliye Nairobi alipotuma pesa za kununua wengine saba, mama akaniomba nimsindikize sokoni. Nami nikamwomba jirani yangu, mzee wa Kiorma, Mwislamu, aliyechunga tangu utoto. Chuo cha Biblia hakikunifundisha kumtazama mbuzi.

Mzee hakukimbilia kushika mnyama. Alisimama mbali, kimya, nikadhani amechoka. Kumbe anaangalia. Mbuzi akikuona karibu huogopa, husimama wima, na mgonjwa hufanana na mzima. Ukiwa mbali unaona nani anabaki nyuma ya wenzake, nani hacheui, nani ameinamisha masikio. Baadaye ndipo akasogea. Akafunua kope la jicho: ndani pakiwa pekundu ni vizuri, pakiwa peupe kama karatasi, minyoo imemnywa damu. Akatazama pua kama ina kamasi, akafungua mdomo kutafuta vidonda na kunusa pumzi, akainua mkia kuona kama ameharisha. Kisha akamkimbiza kidogo. "Mwenye ugonjwa wa mapafu atakohoa akikimbia," akasema.

Dalali mmoja alituletea jike mzuri kwa bei ya chini sana. Mama alitaka kumchukua. Mzee akauliza swali moja tu: "Ametoka boma gani?" Dalali akataja mahali, akabadilisha, akataja pengine. Tukamwacha. Mbuzi asiyejulikana alikotoka amepita katika masoko mawili matatu, amekunywa maji na wagonjwa wa kila upande. Mzee alipenda tununue wote kutoka kwa mtu mmoja. Tulipata watano kwa mfugaji mmoja, wawili ikabidi tuwatafute kwingine.

Jioni hiyo tuliomba. Ndiyo, tuliwapaka mafuta, sioni haya kusema. Halafu wale saba wakaingia boma la miiba tulilojenga peke yake, mbali na la zamani, upande ambao upepo hautoki kwao kwenda kwa wale kumi na mmoja. Karai lao la maji, fimbo yao, na mjukuu anayewahudumia akaagizwa aanze na mbuzi wa zamani, amalizie na wageni, asirudi nyuma. Siku 21 ni chini kabisa, daktari wa mifugo alituambia, na 30 ni bora, kwa maana homa ya mapafu ya mbuzi hupenda kujificha hata zaidi ya hapo.

Maneno yakaanza siku hiyo hiyo.

Wapendwa, someni Walawi 13. Mtu mwenye alama kwenye ngozi aliletwa kwa kuhani. Kuhani hakumfukuza, wala hakumkumbatia na kumrudisha kambini akisema ni imani. Alimtenga siku saba, akamwangalia, na kama haikueleweka, siku saba nyingine. Kuhani, mtumishi wa madhabahu, ndiye aliyehesabu hizo siku! Na Hesabu 12, Miriamu alipokaa nje ya kambi siku saba, taifa zima halikusafiri mpaka arudishwe. Sehemu hiyo hatuihubiri sana. Aliyetengwa alikuwa akingojewa.

Hata baharini kanuni ni hiyo. Pwani yetu kuna wapiga mbizi wanaovua samaki wa mapambo wa kuuzwa nchi za nje. Anayewafuga huko akimtia samaki mgeni moja kwa moja kwenye tangi la wengine, vijidudu vya madoa meupe vinaweza kumaliza tangi lote. Mfugaji mwenye busara humweka mgeni kwenye tangi la peke yake wiki kadhaa kwanza. Samaki akiwa na rangi nzuri si kwamba ni mzima.

Siku ya nane, mmoja wa wale wawili tuliowanunua kwingine akakataa kula. Machozi, kamasi nzito, siku ya pili vidonda mdomoni na kuharisha. Daktari alikuja, akachukua sampuli, akasema dalili ni za sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu uliingia Kenya kupitia Turkana mwaka 2006. Haumpati binadamu, lakini ukiingia kwenye kundi lisilo na chanjo unafagia. Na mnyama huanza kuusambaza kabla hujaona dalili yoyote. Tuliyemchunguza jicho, pua na mkia, tukamkimbiza, alikuwa safi siku ya soko. Hapo macho ya mzee yalifika mwisho wake, na kazi ikabaki kwa boma la miiba.

Walikufa wawili. Mama alilia, nami nilikaa naye, sikuwa na mahubiri. Waliobaki watano tukaanza kuwahesabia siku upya kutoka mgonjwa wa mwisho. Wale kumi na mmoja hawakukohoa hata mmoja. Daktari akawachanja, akatueleza kwamba chanjo huchukua kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo kuchanja leo na kuchanganya kesho ni kujidanganya.

Kwa wanaosema chanjo ni upungufu wa imani: sotoka ya ng'ombe, iliyoua mifugo ya babu zetu miaka ya 1890, ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011. Mara ya mwisho ilionekana kwa nyati wa mbuga ya Meru mwaka 2001, ng'ambo tu ya Tana ukiwa Kora. Chanjo ilifanya kazi hiyo. Mimi namshukuru Mungu kwa hilo kama ninavyomshukuru kwa mvua.

Wale watano waliingia boma kubwa Alhamisi iliyopita. Mama aliniita niwaombee tena, na mzee akaja pia, akasimama mbali chini ya mti wake, akiwaangalia.

Mwenye mpango wa kununua mwezi huu anitafute baada ya ibada Jumapili. Miiba ya boma la pili ipo, vijana wa kanisa watakusaidia kuijenga kabla hujaenda sokoni.