Ng'ombe kwa Mila, Ploti kwa Mahakama

Mjane anapoketi mbele yangu hapa Isiolo, siulizi kwanza mali ni kiasi gani. Nauliza mumewe alikuwa wa dini gani, aliacha mifugo au ploti, na mashemeji wanasemaje.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, ndiyo inayogawa ploti ya mjini. Ila vifungu vya 32 na 33 vinaondoa mifugo na mashamba katika wilaya kadhaa, Isiolo ikiwamo, na kuviacha mikononi mwa mila ya kabila la marehemu. Basi Msamburu wa Oldonyiro akifa bila wosia, nyumba yake ya mjini hufuata sheria ya Bunge na ng'ombe wake hufuata neno la wazee. Mali ya Muislamu hugawanywa Kiislamu. Kadhi ataisikiliza kesi iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake, ndivyo isemavyo Ibara ya 170 ya Katiba.

Kazi ngumu iko kwenye mifugo. Wazee nawaheshimu kwa dhati: wanajua ng'ombe yupi alitolewa zawadi siku ya harusi, yupi ni wa rafiki na aliachwa tu alishwe, yupi ni uzao wa yule aliyepewa mama mkwe. Hati ya kiapo haiwezi kuyabeba hayo yote. Lakini mabinti, hasa walioolewa, mara nyingi hawatajwi kabisa, na hilo sikubaliani nalo.

Mwaka 2008, katika mirathi ya Lerionka ole Ntutu wa Narok, Mahakama Kuu iliwapa mabinti haki ya kurithi ingawa mila ya Kimaasai iliwanyima. Katiba ya 2010 ikaja na Ibara ya 159: mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje Sheria ya Haki.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua faili, huwa naomba barua ya chifu iwataje watoto wote, wa kike kwa wa kiume. Kisha naenda kwa wazee na kuwaomba wagawe mbele ya mabinti wenyewe, makubaliano yaandikwe na kila mmoja atie sahihi. Anayeiacha sehemu yake aseme mwenyewe kwa hiari yake, asisemewe na kaka.