Mkorogo Nilioukoroga Mimi

Kodi ya saluni yangu kule Temeke ililipwa na mkorogo. Kusuka kulinipa hela ya kula tu. Nilikuwa naukoroga chumba cha nyuma, kwenye kopo la aiskrimu: krimu yenye haidrokwinoni, mirija ya dawa ya steroidi ambayo watu hununua duka la dawa kwa ajili ya ukurutu, losheni ya kuongezea ujazo, na marashi ya kuua harufu. Nilivaa glavu. Naomba hilo la glavu lisikupite. Mwenyewe sikuwahi kujipaka hata tone.

Wateja wengi hawakuja kutafuta weupe, walikuja kusuka. Mimi ndiye niliyewageuzia kioo: "Mbona umefubaa hivi, dada? Na sendofu si mwezi ujao?" Ukutani nilibandika picha za maharusi, wote rangi moja, nyusi mchongo mmoja, kope za bandia, wigi la mawimbi. Binti mwenye mwanya na weusi wa mama yake akishazitazama zile picha, mimi sikuwa na kazi kubwa tena. Mwanya nilimwachia, haukuwa na biashara.

Faida yenyewe ilikuwa kwenye kuacha. Haidrokwinoni huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, steroidi huifanya nyembamba. Ukiacha ghafla uso unawaka, vipele vinatoka, weusi unarudi kwa fujo. Basi mteja anarudi mbio kwangu, tena kwa hofu. Nilijua. Nilijua pia kwamba haidrokwinoni imepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, ndiyo maana makopo yangu hayakuwa na lebo. Mtaani watu waliwacheka wale dada, eti uso Fanta, miguu Pepsi. Mimi nami nilicheka.

Mmoja wao alikuwa mwalimu. Mashavuni yakamtoka mabaka ya weusi wa kibuluu, yale yanayoletwa na haidrokwinoni ikipakwa kwa muda mrefu na ambayo ni shida kuondoka. Vifundo vya vidole navyo viligoma kabisa kung'aa. Akaja amejitanda mtandio hadi puani, akaniuliza afanye nini. Nilipaswa kumwambia aache, aende kwa daktari wa ngozi. Nikamwambia, "Ngozi yako sugu, mwalimu. Nitakukorogea kali zaidi." Akalipa.

Nilipoacha, dhamiri haikuhusika. Wakaguzi walianza kupita mtaa wetu, nikaogopa faini. Hela ya mwalimu sijairudisha.