Jiwe la Uani

Miaka yote niliyokereza vyuma Tanga, heshima ya fundi ilipimwa kwenye jiwe. Cheti hakikuulizwa. Mgeni alipewa kipande cha chuma cha kisu, akaambiwa anoe kisu cha kukata hesi, nyuzi 60 kamili, na sisi wengine tukasogea tukijifanya tunatafuta spana. Kisu kikitoka na uso mmoja, safi, amepokelewa. Kikitoka na nyuso tatu nne, atafagia karakana kwanza.

Mimi mkono huo nilikuwa nao na sioni haya kusema. Shida ni kwamba haurithishiki. Vijana niliowafundisha walinoa biti za keekee midomo ikapishana, mmoja mrefu mwingine mfupi, kisha wakashangaa tundu kutoka pana kuliko biti yenyewe. Na visu vya mashine ya milingi, vile vya mviringo vyenye meno manne, hata mimi sikuvigusa: jino moja likizidi wenzake kidogo tu, ndilo linalofanya kazi yote na ndilo linalokufa. Vikiisha makali tulivitupa kwenye kopo. Nilipostaafu niliomba kopo hilo, nikapewa kwa kicheko.

Nilikwisha kuona picha ya mashine ya kunolea iliyosanifiwa na Mwingereza mmoja, Profesa Chaddock, miaka ya 1970, kwa watu wenye karakana za nyumbani. Aliiita Quorn, jina la kijiji. Ni kazi ya kupendeza, ila ina vipande vingi vya kumiminwa kwenye kalibu, na mimi kwenye banda langu la uani nilikuwa na kerezo kuukuu, mashine ya kuchomelea na vyuma chakavu. Nikachukua wazo, picha nikaiacha.

Njia ya kutelezea niliipata kwa wauza vyuma chakavu: fimbo ya jeki la greda. Fundi akitaka chuma kilichonyooka, kigumu, kilichong'arishwa kwa kromu, asihangaike kukitengeneza, kiwandani walishamaliza. Juu yake nikavisha bomba nililolitoboa kwenye kerezo hadi likateleza bila kucheza, nikalipasua upande mmoja na kulitia bolti ya kubana. Shafti ya jiwe inakaa kwenye beringi mbili namba 6203. Mota ni ya nusu farasi, mizunguko 2,850 kwa dakika. Jiwe langu ni dogo, milimita 100, hivyo kwa mwendo huo makali yake yangekwenda polepole mno. Nikaweka puli ya inchi tatu kwenye mota na ya inchi mbili kwenye shafti, jiwe likafika mizunguko 4,275, yaani kama mita 22 kwa sekunde pembeni mwake. Hesabu hiyo hufanywa kabla ya kununua jiwe, kisha unasoma mwendo wa mwisho ulioandikwa kwenye karatasi yake. Jiwe likipasuka haliombi radhi.

Na kabla ya kulifunga, lisikilize. Litundike kidoleni, ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kibuyu. Karatasi zake mbili za pembeni usizibandue. Ndizo zinazogawa mbano wa flanji. Nimewaona mafundi wazima wakizibandua eti zinachafua.

Kugawa meno kulinifurahisha kuliko yote. Nilifunga gia chakavu ya pikipiki, yenye meno 24, nyuma ya kishikio cha kisu, na pini ya springi ikaingia kati ya meno. Kisu cha meno manne, unaruka sita. Cha meno matatu, unaruka nane. Hakuna kukisia.

Vumbi la jiwe ndilo adui. Fimbo nimeivika mpira wa ndani wa baiskeli, la sivyo ingeliwa mapema. Nguo nazo sikuzifikiria. Mama watoto alianua kanga zake kwenye kamba, akazikung'uta mbele yangu.

"Baba, wewe na jiwe lako chagueni. Uani kwangu, au bandani kwenu."

Tukahamia bandani, dirisha likageuzwa upande wa shamba.

Visu vya kabaidi bado vinanisubiri. Jiwe la kawaida halivikati, vinataka la kijani au la almasi, na la almasi nalo halifai kunolea chuma cha kawaida, maana almasi ni kaboni na chuma cha moto huila. Kwa hiyo naunda kichwa cha pili kwenye fimbo ileile. Wakati huohuo makopo yanaletwa, hata na wale waliocheka. Biti za keekee nawanolea bure. Visu vya milingi nalipisha, kwa sababu kupanga pembe kunachukua muda kuliko kunoa, na muda huo mteja haoni cheche hata moja, basi anadhani nimekaa.