Uvimbe Chini ya Sikio Langu

Ndugu msomaji, weka vidole vyako nyuma ya sikio. Vishushe polepole mpaka kwenye taya na shingo. Je, umegusa kitu kidogo kama harage chini ya ngozi? Hiyo ni tezi. Kila mtu anazo tezi, ingawa mara nyingi hazigusiki. Tezi ni walinzi wa mwili. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia karibu yao, hupigana navyo, nazo huvimba.

Mimi ni mkulima. Nataka kukueleza mambo mawili yaliyotokea nyumbani kwangu.

Kwanza alivimba mtoto wangu, nyuma ya masikio yote mawili. Bibi mmoja jirani alishauri tumchanje kwa wembe. Nilikataa, nikampeleka zahanati. Mganga hakuanza na uvimbe. Alianza na kichwa. Alifunua nywele, akaona mapunye. Kisha alitazama masikio, meno na koo. Akasema, "Mama, tezi hizi hazina kosa. Zinapigana na mapunye." Mtoto alipewa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mapunye yalipona, na uvimbe ukanywea.

Nikadhani sasa najua kila kitu. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka uliofuata nilivimba mimi, chini ya sikio la kushoto. Sikusikia maumivu. Nilisema, "Utakwisha wenyewe." Nilijifunga kitambaa shingoni, nikaendelea kulima. Miezi 3 ilipita. Tezi zikawa tatu, zimeshikana. Nguo zikanipwaya. Usiku nililowa jasho. Siku moja uvimbe ulipasuka, ukatoa usaha. Ndipo nilipokwenda zahanati.

Mganga aliniuliza: Umeanza lini? Unauma? Una homa? Unakohoa? Umekonda? Alipapasa pande zote mbili za shingo, makwapani na kwenye kinena. Alibonyeza uvimbe aone kama ni laini au mgumu, na kama unasogea. Kisha akaniandikia barua ya kwenda hospitali. Huko walinichoma sindano kwenye tezi, wakavuta majimaji, wakayapima. Walinipima mapafu na damu pia.

Ulikuwa ni ugonjwa wa kifua kikuu. Nilishangaa, maana nilikuwa sikohoi. Kumbe kifua kikuu huweza kukaa kwenye tezi.

Nilimeza dawa kila siku kwa miezi 6, bila malipo. Mwezi wa kwanza uvimbe uliongezeka kidogo, nikataka kuacha dawa. Muuguzi alinieleza kuwa jambo hilo hutokea, nisiache. Sikuacha, nikapona. Lakini kovu lipo shingoni mpaka leo. Ningalikwenda mapema, huenda nisingalikuwa nalo.

Ndugu msomaji, kumbuka haya:

Tezi inayouma mara nyingi huvimba kwa sababu ya kidonda, jino bovu, koo au sikio. Kitafute chanzo hicho kitibiwe.

Uvimbe wa shavu, kuanzia mbele ya sikio mpaka kwenye taya, huweza kuwa matubwitubwi.

Kama nyuma ya sikio pamevimba, pana joto na panauma, na sikio limesukumwa mbele, hiyo ni hatari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Uvimbe usiouma ukipita wiki 2, au ukizidi kukua, usingoje. Kama unakonda, una homa au unatoka jasho usiku, usingoje hata kidogo.

Usiuchanje uvimbe, wala usiukamue.

Mimi nilimwahisha mtoto, nikajisahau mwenyewe. Wewe usifanye hivyo.