Hawasikii, au Hawaelewi?

Kila mwaka vyuo vyetu hupeleka shuleni vijana wanaojifunza ualimu, wakafundishe kwa majuma machache chini ya uangalizi. Wanafunzi huwaita walimu wa fildi. Mimi nawaandaa wale watakaofundisha Kiingereza, na msimu huo kazi yangu ni kuketi dawati la nyuma nikiwa na fomu ya tathmini. Kipengele kimoja katika fomu hiyo huwatia hofu kuliko vyote: udhibiti wa darasa.

Hofu yao ina sababu. Chuoni wamejizoeza mbele ya wenzao wachache wanaoigiza kuwa kidato cha kwanza, watu wazima wanaojua jibu na wanaonyoosha mkono kwa huruma. Darasa halisi ni jingine. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada hadi kidato cha nne, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia sekondari. Hilo ni jambo la heri. Lakini kuta za madarasa hazikutanuka kwa waraka.

Katika shule moja ya Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru ambako migomba na kahawa hufika karibu na madirisha ya darasa, nilimtazama binti mmoja akifundisha wanafunzi wasiopungua sabini. Kiingereza chake kilikuwa safi. Aliwaagiza wajigawe katika makundi, wasome aya ya pili, kisha waandike mambo matatu. Kwa muda darasa lilitulia tuli. Kisha mmoja akamnong'oneza jirani, jirani akamgeukia wa nyuma, na punde chumba chote kikavuma kama mzinga. Binti akagonga meza. Kiranja akaanza kuandika majina ya wapiga kelele.

Baada ya kipindi aliniambia, macho yakimlengalenga, "Mwalimu, hawa watoto hawanisikii."

Nikamuuliza, "Hawakusikii, au hawakuelewi?"

Kiswahili chetu kimelibebesha neno hilo mzigo mkubwa. Kusikia ni kupokea sauti, ni kufahamu, na ni kutii pia. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Ndiyo maana ni rahisi mwalimu kumwona asiyefahamu kuwa ni mkaidi. Nilikuwa nimeketi katikati ya kelele ile, na nilisikia walichokuwa wakiulizana: "Amesema tufanye nini?"

Tusisahau watoto hawa wametoka wapi. Wengi wao huzungumza Kimeru nyumbani. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawa somo mojawapo tu. Mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, lugha ya masomo karibu yote inageuka mara moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Sekondari zetu zingali zinafundisha kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ndiye anayetarajiwa kuziba pengo hilo, na mara nyingi tunamkabidhi kijana wa fildi.

Maneno yasipofahamika, fimbo huwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Mwezi Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Chanzo kilichotajwa kilikuwa zoezi la Kiingereza. Wakati huo, kanuni za mwaka 2002 zilikuwa tayari zimeweka mamlaka ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena visizidi vinne. Taifa lilikasirika, na lilikuwa na haki ya kukasirika. Ila hasira ile iliishia kwa vijana wale. Haikutufikia sisi tuliomo katika kazi ya kuwaandaa walimu.

Siku iliyofuata binti yule aliandika maagizo ubaoni kwa sentensi fupi, akafanya mfano mmoja na wanafunzi wa dawati la mbele, kisha akawaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Kelele zilikuwapo bado, na kundi moja la nyuma halikuandika kitu. Lakini madaftari mengi yalijaa, na kiranja hakuandika jina la mtu.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi wenzangu, tupunguze saa za nadharia na kuwapeleka vijana hawa katika madarasa halisi mapema, wakiwa na mwalimu mzoefu pembeni yao. Tena tuache kutoa alama kwa sababu ya ukimya. Darasa la Kiingereza lililonyamaza kimya linaweza kuwa limedhibitiwa vizuri, na linaweza vilevile kuwa limeachwa nyuma. Anayekagua ana wajibu wa kuzitofautisha hali hizo mbili kabla ya kujaza fomu.